Kutoka Mwenye Shamba hadi Bwana Shamba

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo? Ahsanteni.

Leo asubuhi nimepitia sokoni Marikiti. Nikamkuta mama mmoja wa Kinangop amepasua kiazi kwa kisu. Ndani mna pete ya kahawia. Akikibinya, kinatoa ute mweupe. Analalamika: shamba lake limeharibika, na bwana shamba haonekani siku hizi.

Sasa, neno hilo bwana shamba lina kichekesho. Bwana huyo hana shamba! Ni afisa wa serikali wa kuwashauri wakulima, enzi zetu alikuja kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa kamba isiingie kwenye mnyororo. Wengi wao walisomea chuo cha Egerton, kule Njoro, karibu na Nakuru.

Lakini chuo hakikujengwa kwa ajili yao. Mwaka 1939, Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza, alitoa ardhi yake iwe shule ya kuwafunza vijana wa Kizungu ukulima. Waliofundishwa ni wenye mashamba. Nyanda bora za juu zilikuwa zimetengewa wazungu, na Mwafrika aliingia humo kama kibarua. (Lodi mwenyewe alikuwa na vituko, kasri lake bado lipo, na watu wa Njoro watakusimulia alivyowakataza wanawake kulikaribia. Tuyaache.)

Mwaka 1950 shule ikawa chuo: cheti mwaka mmoja, diploma miaka miwili. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1961 tu. Hapo ndipo nataka tusimame kidogo. Uhuru unabisha hodi, wazungu wameanza kuuza mashamba. Tangu mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuinua kilimo cha Waafrika, wakulima wadogo wanapata hati za ardhi, wanapanda kahawa, wanafuga ng'ombe wa gredi. Nani atawaelekeza? Chuo cha wenye mashamba kikageuka kiwanda cha mabwana shamba, na baadaye mama shamba pia.

Mwaka 1986 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka uliofuata kikawa chuo kikuu kamili. Tukafurahia digrii. Nami nikapata yangu, nikapata na ofisi hapa mjini.

Basi nikamwambia yule mama: huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Tafuta mbegu safi, na hapo usipande viazi, nyanya wala pilipili kwa misimu kadhaa.

Akanitazama. "Kwani wewe umesomea wapi?"

"Egerton."

"Na miaka hii yote umekuwa wapi?"