Nyumba moja, rangi za joto na rangi za baridi

Karibuni, wapenzi wa rangi! Niko kwangu hapa Goma, na leo nyumba moja tunaichora mara mbili. Nyumba, mlima wetu wa volkeno Nyiragongo nyuma yake, kipande cha ziwa Kivu pembeni. Penseli mnaijua, naruka.

Picha ya kwanza, rangi za joto. Ukutani natia nyekundu yenye njano kidogo. Ona ukuta unavyokusogelea! Unaona kabisa bugali inasongwa ndani. Angani natia njano na machungwa tu. Nyekundu hapana. Sisi tuliokesha usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, anga jekundu juu ya mlima ule hatulitundiki sebuleni.

Ya pili: bluu, zambarau, kijani cha ziwa. Mistari ileile, lakini mlima umerudi mbali na nyumba imenyamaza. Mchoraji Picasso, rafiki yake alipokufa, alichora kwa bluu kuanzia 1901 hadi 1904. Mimi siku tatu zinanitosha.

Sasa sikilizeni. Kabla ya kugusa bluu, BADILISHA MAJI. Machungwa na bluu zikikutana koponi zinauana, unabaki na tope. Niliwahi kumchorea mteja ziwa, likatoka kama mchuzi wa maharage. Nikalirudia bure. Burashi nayo ikamue kwa kitambaa, rangi hujificha kwenye shina la manyoya. Umebadilisha maji? Badilisha tena.

Ngoja, ngoja. Mdogo wangu, lete hiyo simu unayorekodia nione. Aa! Bluu yangu imekuwa kijani! Ni hii taa ya njano. Twende nje... angalia jiwe, utajikwaa... haya. Mnaona? Bluu imerudi. Rangi za baridi usizipime usiku chini ya taa.

Picha ya joto imekwisha, iweke pembeni ikauke. Ya bluu bado dirisha. Chukua machungwa, burashi ndogo kabisa (hiyo ninaiuza pamoja na vikopo sita, niandikieni), bluu iwe imekauka, halafu nukta moja. Moja! Zamani niliwasha madirisha yote manne, nyumba ikawa na harusi. Na maji yawe safi, nimeshasema.

Haya, nukta hiyo. Sasa kuna mtu ndani, anamngoja mwenzake.