Mwanamke, usukani na hela ya tairi

Asanteni, kaeni jamani. Foleni imeshatula muda kwahiyo naingia moja kwa moja, na wanaonijua wanajua nitakachosema maana nakisema kila nikipewa maiki: madereva wa kike kwenye mbio za magari hawajakosa nguvu wala roho, wamekosa hela na muda wa kukaa kwenye gari.

Sasa hapo lazima kuna kaka atanyoosha mkono, oh mbona Formula 1, zile mbio kubwa za magari ya kiti kimoja, hakuna mwanamke, wa mwisho kuanza mbio zile ni Lella Lombardi 1976. Kweli. Na huyo Lombardi mwaka 1975 kule Hispania alimaliza wa sita akapata nusu pointi, nusu kwa sababu mbio zilikatishwa, na mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyepata pointi Formula 1. Ila kaka yangu, hebu njoo kwenye rali, mbio za barabara za vumbi na za kawaida ambako kila gari linapimwa kwa muda wake, tuongee vizuri.

Michèle Mouton. Mfaransa. Mwaka 1981 anashinda Sanremo kule Italia na Audi Quattro, pembeni navigeta wake, yule anayemsomea njia, Fabrizia Pons, wanawake wawili ndani ya gari moja wanawafunga wanaume wote. Mwaka 1982 anashinda Ureno, Ugiriki na Brazil. Rali tatu za ubingwa wa dunia, msimu mmoja! Walter Röhrl aliyechukua ubingwa alishinda mbili tu. Mbili! Ikafika Ivory Coast, huku huku Afrika, ubingwa bado uko wazi, na kabla hata ya kuanza anapata habari kwamba baba yake amefariki kwa kansa, na baba alitaka aendeshe. Akaendesha. Kilomita maelfu za vumbi na mashimo, akampita Röhrl kwa zaidi ya saa nzima, hebu fikiria saa nzima kwenye rali, watu huwa wanagombania sekunde. Halafu gari likaanza kusumbua, giaboksi, mafundi wako chini ya gari wanahangaika na dakika zinaondoka tu, ule uongozi wote ukayeyuka, akarudi barabarani anafukuzia, akapata ajali, ubingwa ukaenda. Alikosa kwa pointi 12. Mwaka uliofuata akaja Safari Rally hapo Kenya, barabara zile tunazozijua, akamaliza wa tatu.

Kwahiyo mtu akiniambia mwanamke hana nguvu za kukata kona namuuliza lile Quattro la zaidi ya tani moja lilikuwa linajiendesha?

Tatizo linaanzia utotoni. Madereva wa Formula 1 wengi walianza gokati, vile vigari vidogo vya mbio, wakiwa na miaka sita, saba, nane. Gokati inakula tairi, inakula injini, kila wikiendi mzazi anatoa. Sasa mzazi wa Masaki mwenye uwezo wake ana kijana wa kiume na binti, gokati moja, anapanda nani? Mnajua wenyewe. Binti akija kupata nafasi ana miaka ishirini, unampima na watoto waliokulia kwenye usukani, ni sawa na kumtupa mtu pale Coco Beach hajawahi kuogelea halafu useme mbona wavuvi wanampita.

Na hata akiwa mzuri hela inamkwamisha. Jamie Chadwick alichukua W Series, mbio za magari za wanawake watupu, mara tatu mfululizo, 2019, 2021, 2022, maana 2020 hazikufanyika, na huo msimu wa 2022 haukumalizika, hela ziliisha mbio za mwisho zikafutwa. Sasa kuna F1 Academy, mbio za mabinti zilizo chini ya Formula 1, tangu 2023, afadhali, lakini afadhali si sawa na imetosha.

Naona mnanionyesha saa. Nilitaka nimseme Jutta Kleinschmidt aliyeshinda Dakar, ile rali ya jangwani, 2001, na Danica Patrick aliyeshinda mbio za IndyCar, zile za Wamarekani, kule Japani 2008, wasomeni wenyewe. Ila hili siliruki: Susan Muwonge, jirani yetu Uganda, bingwa wa taifa wa rali 2011. Siyo Ulaya, hapo ng'ambo ya Ziwa Victoria tu. Sasa nyie wenye makampuni mliokaa mbele mnaobandika nembo kwenye magari ya Mkwawa Rally kila mwaka, msimu ujao lini mtabandika kwenye gari la binti na kumlipia tairi? Maiki nawapeni nyie, nataka jibu sio makofi.