Kompyuta Mpya Isiposikia Wi-Fi ya Nyumbani

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kufika. Kabla sijasema lolote, naomba kila mwenye simu afungue pale inapoorodhesha mitandao ya Wi-Fi. Usiunganishe kitu, hesabu majina tu. Mzee hapa mbele anasema amepata 9. Dada aliye kando yake amepata 6. Mmekaa kiti kwa kiti, na bado simu zenu hazikubaliani kuna mitandao mingapi humu ndani. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndiko tunakoelekea.

Majina hayo hayakuandikwa na mtu ndani ya simu. Simu imeyasikia. Ruta, kile kisanduku kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, hutangaza jina lake kwa redio bila kuombwa, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 102.4, yaani karibu mara 10 katika sekunde moja, usiku na mchana. Ndani ya tangazo hilo kuna jina la mtandao, ambalo haliwezi kuzidi baiti 32, kuna aina ya ulinzi, na kuna mambo mengine ya kiufundi. Kompyuta nayo hupita chaneli, yaani njia ndogo ndogo za redio, moja baada ya nyingine, ikatega sikio kidogo, ikaandika ilichosikia, ikahamia inayofuata. Kwa hiyo mtu akiniambia kompyuta yake mpya haioni Wi-Fi ya nyumbani, mimi namwelewa kwamba haijasikia tangazo la ruta yake. Na papo hapo namuuliza: je, inasikia ya majirani?

Nalisisitiza swali hili kwa sababu nimeona madhara ya kuliruka. Mama mmoja alimnunulia mwanawe kompyuta mpakato ya kusomea. Jina la mtandao wao halikutokea. Akashauriwa achomeke pini kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta na kubonyeza mpaka taa zizimike. Akafanya. Ruta ikasahau kila kitu: jina, neno la siri, na taarifa za kampuni ya intaneti zinazoiwezesha kuunganishwa nje. Simu zote za nyumba ile, ambazo dakika tano kabla zilikuwa zinafanya kazi vizuri, zikakatika. Kompyuta bado haikuona kitu. Nilipofika nikaikuta orodha yake tupu kabisa, hata mtandao wa jirani wa ukuta mmoja haumo. Tatizo lilikuwa ndani ya kompyuta tangu mwanzo, na ruta haikuwa na kosa lolote. Yule mama alisikitika sana, na mimi nilisikitika naye, maana mtu anayetaka mwanawe asome hastahili kupotezewa siku mbili kwa ushauri wa kubahatisha.

Ndugu zangu, kama simu za nyumbani zinaisikia ruta, ruta inasema. Msiifute.

Tuanze na orodha iliyo tupu, maana hiyo haina mengi. Kompyuta isiyosikia mtandao wowote, mahali ambapo simu inasikia mitano au sita, sikio lake limefungwa. Tazama kwanza hali ya ndege, ile inayozima redio zote. Tazama safu ya juu ya vitufe, kile chenye picha ya antena au ya ndege, ambacho kwenye baadhi ya kompyuta hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Mtu anaweza kukigusa wakati anaitoa kwenye boksi asijue. Wanaotumia mfumo wa Linux waandike rfkill list kwenye dirisha la amri, watajua kama redio imefungwa na programu au na swichi.

Kama redio imewashwa na bado kimya, fungua Device Manager, orodha ya vifaa vilivyo ndani ya kompyuta. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, utaikuta hapo. Tafuta kadi ya Wi-Fi, yaani lile sikio lenyewe, kwenye sehemu ya vifaa vya mtandao. Ukiikuta na alama ya mshangao ya njano, au ukakuta kitu kinachoitwa tu "Network Controller" bila jina la mtengenezaji, basi kadi ipo lakini draiva haipo. Draiva ndiyo programu inayoifundisha Windows kuzungumza na kadi hiyo. Jambo hili hutokea sana kwa kompyuta mpya ambayo mtu ameiwekea Windows upya, au iliyouzwa bila mfumo. Kadi ikiwa ya toleo la karibuni kuliko Windows iliyowekwa, Windows haiijui.

Hapa watu wengi hukwama. Draiva ipo kwenye intaneti, na intaneti ndiyo isiyopatikana. Windows 11 Home huzidisha, kwa sababu hudai intaneti kabla hujamaliza hata kuianzisha. Njia ya kutoka iko mfukoni mwenu. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao, wala haitahitaji Wi-Fi hata kidogo. Sasa ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, andika namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, na upakue draiva ya Wi-Fi. Namba ya modeli iandikwe yote, hadi herufi za mwisho, kwa sababu kompyuta mbili zenye jina moja huweza kuwa na kadi mbili tofauti.

Jambo jingine moja kabla sijaondoka hapo. Kwenye Windows, kuzima na kuanzisha upya si kitu kimoja. Ukibofya kuzima, Windows mara nyingi huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili kesho iwake haraka, na hitilafu ya kadi huhifadhiwa pamoja nayo. Ukichagua kuanzisha upya, inaanza safi. Nimeona kadi zilizopotea zikirudi kwa hatua hiyo peke yake.

Sasa nije kwenye hali ninayotaka tukae nayo. Kompyuta inasikia mitandao ya majirani. Inasikia mtandao wa simu yako. Simu yako inasikia ruta ya nyumbani. Lakini kompyuta, iliyo hatua mbili kutoka kwenye ruta hiyo, haina jina lake. Hapa ndipo watu hurudisha kompyuta nzima dukani, na hapa ndipo mafundi hubadilisha kadi isiyo na tatizo.

Sababu ya kwanza ni chaneli. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli. Ya 1 iko kwenye megahezi 2412, ya 2 kwenye 2417, na kuendelea hivyo kwa hatua za 5 mpaka ya 13 kwenye 2472. Nchi nyingi huruhusu zote 13. Marekani, vifaa vya kawaida huishia chaneli ya 11. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuwa imefungiwa 1 hadi 11, na inapopita chaneli moja moja haifiki ya 12 wala ya 13. Ruta yako ikitangazia chaneli ya 13, inapiga kelele mbele ya mtu aliyeziba sikio hilo moja tu. Simu yako, iliyoandaliwa kwa nchi yako, inasikia barabara.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya namna hiyo. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kadi imekufa. Kilichonisumbua ni maneno yake kwamba Jumapili ilifanya kazi na Jumatatu ikaacha. Kadi ikifa haibagui majirani. Nikamwomba twende nyumbani kwake, nikafungua ukurasa wa ruta, nikakuta chaneli imewekwa "auto". Umeme ulikuwa umekatika usiku wa Jumapili. Ruta ilipowaka ikajichagulia chaneli iliyo tulivu, nayo ilikuwa ya 13. Nikaiweka ya 6, nikahifadhi, tukasubiri ruta irudi hewani. Jina likaingia kwenye orodha mbele ya macho yake. Hatukununua kitu.

Kufanya hivyo si kazi ya fundi. Geuza ruta, soma kibandiko. Kuna anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na jina na neno la siri la kuingilia. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na ruta. Kwenye sehemu ya Wi-Fi, toa "auto" kwenye gigahezi 2.4 na uchague 1, 6 au 11. Nasema hizo tatu kwa sababu kila mtandao hutumia upana wa megahezi 20 hivi, na chaneli zimeachana megahezi 5 tu. Hizo tatu ndizo zinazokaa pamoja bila kukanyagana.

Sababu ya pili ni bendi, yaani kundi zima la masafa ya redio. Ruta za siku hizi hutangaza kwenye gigahezi 2.4 na 5, nyingine hata 6. Mwenye nyumba akizima 2.4 ili apate kasi, kompyuta ya bei nafuu ambayo kadi yake haina uwezo wa 5 haitaisikia ruta hiyo, hata ikiwa imetoka kiwandani wiki hii. Upya wa kompyuta hauna uhusiano na uwezo wa kadi iliyowekwa ndani. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika netsh wlan show drivers, soma mstari wa aina za redio. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, sikio hilo linaishia 2.4. Ukiona 802.11a au 802.11ac, linafika 5. Na mtandao wa gigahezi 6 hausikiki kwenye Windows 10, hata kadi ikiwa na uwezo huo. Unataka Windows 11.

Bendi ya 5 ina mwiko wake. Baadhi ya chaneli zake zinatumiwa na rada, na ruta inalazimika kusikiliza kwanza sekunde 60 nzima kabla ya kutangaza, isije ikaingilia. Kwa sheria za Ulaya, chaneli zinazogusa rada za hali ya hewa, kuanzia megahezi 5600 hadi 5650, husubiriwa dakika 10. Ikisikia rada katikati ya kazi, inahama mara moja. Kwa hiyo ukiwasha ruta na jina la 5 halijatokea, subiri kwanza kabla ya kugusa chochote. Likiwa linapotea na kurudi, hamisha ruta kwenye chaneli ya 36, 40, 44 au 48, ambazo hazina sharti hilo katika nchi nyingi.

Ya tatu ni jina lililofichwa. Ruta ikiambiwa ifiche jina, tangazo linaendelea ila sehemu ya jina inabaki tupu. Simu ya zamani ya nyumbani inalijua kwa sababu iliwahi kuunganishwa. Kompyuta mpya hailijui. Chagua kuongeza mtandao kwa mkono, andika jina herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Kwa maoni yangu kuficha jina hakuna faida. Mwenye nia mbaya analinasa simu yako inapounganishwa, na mgeni wako mwema ndiye anayehangaika. Ulinzi uko kwenye neno la siri refu.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada.

Dada anauliza: na kama jina linaonekana lakini haliunganishi? Hilo ni jambo tofauti, na ni vizuri umelitenga. Sikio limesikia, mlango ndio haufunguki. Ni neno la siri, au ruta imewekwa ulinzi ambao kompyuta haiuelewi, au ulinzi wa zamani sana wa WEP ambao mifumo mipya inaukataa, na ina haki kuukataa kwa sababu udhaifu wake ulianikwa tangu 2001.

Mzee naye anauliza atajuaje wakati wa kuirudisha dukani. Mzee wangu, fanya jaribio moja. Washa mtandao-hewa kwenye simu yako, uuweke kwenye gigahezi 2.4, weka simu juu ya meza kando ya kompyuta. Ikiusikia hapo lakini ukienda hatua tano unapotea, antena zina kasoro. Antena za kompyuta mpakato mara nyingi zimefichwa kwenye fremu ya kioo. Nyaya mbili nyembamba hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi, na vichwa vyake ni vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Kimoja kikichomoka kiwandani, kompyuta husikia kilicho puani tu. Na ikiwa haiusikii kabisa hata simu ikiwa kando yake, ilhali draiva sahihi umeshaiweka na umeianzisha upya, kadi ni mbovu. Kwa vyovyote kati ya hayo mawili, usiifungue, na usimruhusu mtu aifungue. Irudishe na risiti yake muda wa dhamana ungalipo, na umwoneshe muuzaji simu na kompyuta zikiwa pamoja mezani.