Matundu Madogo, Njaa Ndefu

KELVIN: Karibuni tena. Mimi ni Kelvin, na dada Zuhura yupo hapa. Kazi yake, kama mnavyojua, ni kuwalaza watu kwa dawa ya usingizi wanapopasuliwa.

ZUHURA: Na kuwaamsha, mdogo wangu. Mshahara wangu uko kwenye kuwaamsha.

KELVIN: Kuna mama wa Mbeya katutumia ujumbe wa sauti. Ametolewa mfuko wa nyongo kwa matundu, yaani vitundu vidogo vya tumboni badala ya kufunguliwa tumbo. Anasema tumbo halikumsumbua sana, ila bega la kulia lilimuuma siku mbili nzima, mpaka wanawe wakaanza kunong'ona kwamba huenda aliangushwa akiwa hana fahamu.

ZUHURA: Pole yake mama, hakuna aliyemwangusha. Ili daktari aone ndani, tumbo linajazwa hewa ya kabonidioksaidi, presha ya milimita 12 mpaka 15 za zebaki. Ile hewa inasukuma kiwambo kinachotenga kifua na tumbo na kukikera. Sasa mshipa wa fahamu wa kiwambo unatoka shingoni, sehemu ileile inakotoka mishipa ya bega. Ubongo unapokea malalamiko, unakosea anuani. Kwa hiyo kabla ya kushona, mpasuaji mzuri anaikamua ile hewa itoke. Ikibaki nyingi, bega ndilo linalolipa.

KELVIN: Lakini watu wanaambiwa upasuaji wa matundu hauna shida.

ZUHURA: Una shida chache zaidi, tena kwa mbali. Wa kwanza kutoa mfuko wa nyongo kwa njia hii alikuwa Mjerumani, Erich Mühe, mjini Böblingen, Septemba 1985. Mwaka uliofuata aliwaeleza wenzake wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani, wakambeza. Mwaka 1992 chama hichohicho kikampa tuzo.

KELVIN: Wakubwa hao!

ZUHURA: Ndiyo zao. Lakini mimi naona matundu yametufanya tulale. Watu wanadhani kidonda kikiwa kidogo, kazi imekwisha. Mjini Copenhagen kuna mpasuaji anaitwa Henrik Kehlet, yeye miaka ya 1990 aliuliza swali la kichokozi: huyu mgonjwa, leo bado yuko wodini kwa nini? Ni maumivu? Kichefuchefu? Au mipira tuliyomwekea sisi wenyewe? Akaondoa kimoja kimoja. Mwaka 1999 akaonyesha kundi dogo, watu 16 waliokatwa utumbo mpana kwa tumbo kufunguliwa, tena kufunguliwa kabisa, na wengi wao siku ya pili wakarudi nyumbani. Kawaida ya wakati ule ilikuwa wiki na zaidi.

KELVIN: Bila matundu?

ZUHURA: Bila matundu. Ganzi ya mgongoni badala ya mofini nyingi, kula mapema, kutembea mapema.

KELVIN: Kwetu, ili ule, unasubiri kwanza nesi akuulize kama umejamba.

ZUHURA: [anacheka] Mbele ya wakwe! Siku hizi wengi hawasubiri hilo. Tumbo likikubali, mtu anaanza uji au chai siku ileile. Kinachoniudhi mimi hasa ni upande wa kabla. "Usile wala usinywe chochote kuanzia saa sita usiku." Umeisikia?

KELVIN: Nani hajaisikia.

ZUHURA: Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1946 daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, aliandika juu ya kina mama waliopaliwa na matapishi wakiwa kwenye usingizi. Katika uzazi 44,016 alipata 66. Wawili walikufa, na wote wawili walizibwa na chakula kigumu. Chakula, Kelvin. Lakini sisi tukayafunga na maji pamoja nacho.

KELVIN: Kumbe maji hayana neno?

ZUHURA: Kwa mtu ambaye tumbo lake linafanya kazi vizuri, maji hayakai, nusu yake imeshashuka ndani ya dakika ishirini hivi. Miongozo ya sasa inasema chakula kigumu kiachwe muda wa saa sita kabla ya upasuaji, cha mafuta zaidi ya hapo, na maji au chai ya rangi mpaka zibaki saa mbili. Umepangiwa saa mbili asubuhi? Kunywa mpaka saa kumi na mbili. Sasa mgonjwa wetu amefunga tangu saa sita usiku, dharura zinaingia, zamu yake inafika saa tisa alasiri. Saa kumi na tano hajaonja hata maji! Ramadhani ina daku, huyu hana.

KELVIN: Na akiwa na kisukari?

ZUHURA: Hata asiye nacho. Ukikatwa, mwili unajiona uko vitani. Homoni za hofu zinapanda, ini linamwaga sukari, na misuli inagoma kuisikia insulini, homoni inayoshusha sukari. Kwa siku chache unafanana na mwenye kisukari. Watafiti wa Stockholm, akina Olle Ljungqvist, waliipima hali hii miaka ya 1990. Kadiri upasuaji ulivyo mkubwa, ndivyo insulini inavyogomewa, na baada ya kutoa nyongo kwa kufungua tumbo hali ilichukua wiki mbili tatu kutulia. Kwa matundu, mgomo ulikuwa mdogo zaidi. Hiyo ndiyo faida ya matundu isiyoonekana kwenye ngozi.

KELVIN: Ndipo wakaja na kile kinywaji cha sukari?

ZUHURA: Wazo lao lilikuwa usimpeleke mtu kwenye meza ya upasuaji akiwa na njaa. Mililita 400 zenye wanga gramu 50, saa mbili kabla. Kwenye vipimo vya maabara insulini inasikilizwa vizuri zaidi. Lakini mwaka 2014 majaribio 27 yalipokusanywa, watu karibu elfu mbili, faida ya jumla ilikuwa kupunguza kulazwa kwa theluthi moja hivi ya siku. Matatizo ya baada ya upasuaji hayakupungua. Na ukimlinganisha aliyekunywa wanga na aliyepewa maji yenye ladha tu, hata hiyo theluthi haionekani vizuri.

KELVIN: Kwa hiyo ni biashara.

ZUHURA: Si biashara tupu, ila mtu asikuuzie pakiti ya bei kubwa. Kwangu mimi kilichosaidia zaidi ni kwamba waliruhusiwa kunywa.

KELVIN: Twende kwenye kutapika. Shemeji yangu alitapika usiku kucha baada ya upasuaji.

ZUHURA: Havuti sigara, eti?

KELVIN: Hata harufu yake haitaki.

ZUHURA: Basi hapo. Mizani ya Apfel, ya mwaka 1999, ya kukadiria nani atatapika baada ya upasuaji, ina vitu vinne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, historia ya kichefuchefu cha safari au cha upasuaji uliopita, na kupewa dawa za jamii ya mofini baadaye. Ukiwa navyo vyote, uwezekano wa kutapika au kusikia kichefuchefu ni kama asilimia 80. Huna hata kimoja, asilimia 10.

KELVIN: Wavutaji wamepata la kujisifia!

ZUHURA: Wasubiri mapafu yajibu. Sasa dawa nzuri ya kuzuia ni deksamethasoni, sindano moja, na hiyo nayo inapandisha sukari. Miaka mingi tuliwanyima wenye kisukari tukihofia kidonda kuoza. Ukaja utafiti wa PADDI, uliochapishwa 2021, wagonjwa zaidi ya 8,700 kutoka Australia, New Zealand, Hong Kong, Uholanzi na Afrika Kusini. Kidonda kiliambukizwa kwa asilimia 8.1 ya waliopewa miligramu 8, na 9.1 ya wasiopewa. Wenye kisukari walikuwemo. Nilipousoma nilipumua.

KELVIN: Afrika Kusini umeitaja. Huku kwetu kwingine?

ZUHURA: Kuna utafiti wa nchi 25 za Afrika, ulitoka 2018, wagonjwa 11,422. Waliokufa ni asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, na wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi. Wengi mno hawakufia mezani, walifia wodini siku zilizofuata, na wataalamu walikuwa wachache kupita kiasi. Ndiyo maana nikisikia mtu anasifia mashine mpya ya matundu, nauliza usiku wodini kuna manesi wangapi.

KELVIN: Tumebakiza dakika mbili. Mwenye kisukari aseme nini kwa daktari wa usingizi?

ZUHURA: Ataje kila dawa. Vidonge vinavyotoa sukari kwa mkojo, vile majina yake ya kitaalamu huishia na "flozin", husimamishwa siku tatu kabla, kimoja chao nne, maana damu inaweza kuchachuka kwa asidi wakati mashine ya sukari inaonyesha kawaida. Kuna na sindano za wiki za kupunguza uzito. Zinachelewesha tumbo kumwaga chakula. Mwaka 2023 Wamarekani walisema ziachwe wiki moja kabla. Mwaka 2024 wakalegeza, wengi waendelee, ila wengine wale vya majimaji tu saa 24 za mwisho.

KELVIN: Na yule aliyeinunua mtandaoni, mumewe hajui?

ZUHURA: Aniambie mimi. Mume atatoka nje kwanza.