Msomaji Aliyefiwa na Mwandishi

Mabibi na mabwana, wasomaji wenzangu, asanteni kwa kufika.

Mtu akifiwa na ndugu yake, hupewa pole. Akifiwa na mwandishi aliyemsoma tangu utotoni, huulizwa: "Kwani ulikuwa unamjua?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi na leo nataka kulijibu. Ndiyo, msomaji huyo alikuwa anamjua. Ukikesha na kitabu watu wote wamelala, ukaifuata akili ya mtu sentensi kwa sentensi, unamjua kwa namna ambayo huenda hata jirani yake hakubahatika kumjua. Na mwandishi wa riwaya za kisayansi ana la ziada: ndiye aliyekutembeza kwenye kesho ambayo haijafika. Akiondoka, kuna maswali uliyokuwa ukimtegemea yeye akuulizie.

Kwa hiyo wasomaji hulia, na wana haki. Ila kinachonivutia zaidi ni kile wanachokifanya wakishalia.

Tarehe 3 Aprili 2013, Iain Banks wa Scotland, aliyetia saini riwaya zake za kisayansi kwa jina la Iain M. Banks, alitangaza mwenyewe kwamba ana saratani ya mfuko wa nyongo na kwamba hatarajii kuishi zaidi ya mwaka mmoja. Alieleza pia kwamba amemwomba mwenzi wake amfanyie heshima ya kuwa mjane wake. Ndivyo alivyoposa! Wasomaji walishtuka, kisha wakaanza kumwandikia. Ujumbe ulimiminika kutoka kila upande, naye akausoma na kuwashukuru hadharani. Alifariki tarehe 9 Juni, akiwa na miaka 59. Mchapishaji alikuwa ameiharakisha riwaya yake ya mwisho, lakini ilitoka siku chache baada ya kifo.

Habari hii hunigusa kuliko nyingine zote za aina yake. Maneno ambayo kwa kawaida husemwa mbele ya jeneza, Banks aliyapokea akiwa hai. Baadaye asteroidi namba 5099, moja ya miamba inayolizunguka jua, ilipewa jina lake, na mwaka 2015 kampuni ya roketi ya SpaceX ilianza kuzipa mashua zake za kutulia roketi baharini majina ya vyombo vya anga vilivyomo katika riwaya zake. Ni heshima nzuri, sizibezi. Hata hivyo, ningeambiwa nichague, ningechukua zile barua.

Wasomaji wa fani hii hutazama juu wakifiwa. Arthur C. Clarke alifariki Sri Lanka tarehe 19 Machi 2008, akiwa na miaka 90. Saa chache baadaye darubini zilinasa mlipuko wa miale ya gama uliong'aa kiasi kwamba, kwa muda mfupi sana, ungeweza kuonekana kwa macho matupu, ingawa ulitokea umbali wa miaka ya nuru bilioni 7.5. Mwanga ule ulianza safari kabla dunia yetu haijaumbwa, ukafika siku hiyo. Kukawa na waliopendekeza uitwe Tukio la Clarke. Halikuwa jina rasmi, na mlipuko wenyewe haukuwa na habari na mtu yeyote. Lakini namwelewa kabisa aliyelitaka jina lile, maana Clarke ndiye aliyetuzoesha kutazama juu na kuuliza.

Sasa nendeni nami chini, ndani kabisa ya mitambo ya intaneti. Terry Pratchett, ambaye zaidi aliandika fantasia lakini wasomaji wake na wetu ni wamoja, alifariki tarehe 12 Machi 2015. Katika riwaya yake moja ya mwaka 2004 kuna minara inayopokezana ujumbe kutoka mji hadi mji. Fundi wa minara akifa, wenzake hulirusha jina lake kwenye njia likiwa na herufi tatu za maagizo mbele yake. G: lipitishe. N: usiliandike kwenye daftari. U: likifika mwisho wa njia, ligeuze lirudi. Jina halifiki popote, linazunguka tu, na kwa sababu linazunguka, mwenyewe hajasahaulika.

Wasomaji walio mafundi wa kompyuta waliichukua desturi hiyo ya kitabuni wakaifanya kweli. Kompyuta yako inapoomba ukurasa, seva, yaani kompyuta inayoutunza ukurasa huo, hutanguliza mistari ya maelezo ambayo macho yako hayaioni: aina ya faili, tarehe, na kadhalika. Humo wakaongeza mstari mmoja: "X-Clacks-Overhead: GNU Terry Pratchett"; Clacks ndilo jina la minara ile ya kitabuni. Haubadilishi chochote kwenye kioo. Unapita tu, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi huona huo ndio usomaji makini: umeelewa kitabu kiasi cha kukitii.

Kuna upande mgumu, nao ni vitabu ambavyo havikukamilika. Hapa wasomaji hugombana kweli. Frank Herbert alifariki mwaka 1986, na kuanzia 1999 mwanawe na mwandishi mwingine wameuendeleza ulimwengu wake wa Dune kwa riwaya nyingi. Wako wanaozipenda, na wako wasiotaka hata kuzigusa. Pratchett yeye alitaka kazi zake ambazo hazijakamilika ziharibiwe. Agosti 2017, huko Uingereza, diski yenye kazi hizo ililazwa chini ya mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara, ikapondwa. Wengi waliumia, na mimi niliumia pia. Bado nasema ilikuwa sawa. Kiu ya msomaji haimpi ruhusa ya kufungua droo ambayo marehemu aliagiza ifungwe.

Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani, aliamua kinyume: karatasi zake alizirithisha Maktaba ya Huntington, California. Ndiyo maana tunajua kwamba mwaka 1988, kwenye daftari lake, alijiandikia kwamba vitabu vyake vitaingia katika orodha za vinavyouzwa zaidi, na kwamba atawalipia vijana weusi wasio na uwezo waende Clarion, warsha ya uandishi aliyosoma yeye mwenyewe mwaka 1970. Alifariki Februari 2006, akiwa na miaka 58. Mwaka huohuo shirika la Carl Brandon Society likaanzisha ufadhili kwa jina lake, wa kuwapeleka Clarion waandishi wasio wazungu. Kisha, Septemba 2020, riwaya yake ya mwaka 1993, inayoanzia mwaka 2024 katika nchi iliyochoshwa na ukame na moto, ikaingia katika orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyouzwa zaidi. Mwaka uliofuata NASA iliita mahali chombo cha Perseverance kilipotua huko Mirihi kwa jina lake.

Mirihi ndiyo iliyotangazwa zaidi kwenye vyombo vya habari. Lakini Mirihi haikuwa kwenye daftari lake. Vile viwili vingine vilikuwamo kwa mwandiko wake, na waliovitimiza ni wasomaji: waliochangia ada za warsha, na walionunua kitabu cha mtu aliyekwisha kufariki miaka 14 kabla.

Nasimama hapo. Mwenye swali, au mwenye mwandishi wake anayetaka tumkumbuke leo, maikrofoni iko huku mbele.