Fizi zinatoa damu? Simama nami mbele ya kioo

Karibuni. Leo usikae tu kunitazama. Chukua kioo, sogea dirishani penye mwanga, kisha ushushe mdomo wa chini kwa kidole.

Uangalie ufizi. Ukiwa mzima umelikumbatia jino, na ncha yake katikati ya meno mawili ni nyembamba. Rangi isikutishe: wengi wetu tuna mabaka meusi au ya kahawia kwenye fizi, tumezaliwa nayo. Tunachotafuta ni ukingo uliovimba, unaong'aa, unaotoa damu ukiguswa.

Sasa pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Unahisi kitu kinakwaruza? Huo ni ukoga. Hupenda kukaa hapo kwa sababu mate yanatokea karibu, na madini ya mate ndiyo yanayougandisha. Ulianza kama utando laini wa bakteria. Usipousugua, siku mbili tatu tu unaanza kuwa jiwe. Ukishafika hapo mswaki hauutoi tena. Mkaa nao hauutoi. Ndimu ndiyo mbaya zaidi, inalila jino lenyewe. Na pini iache kwenye nguo.

Nasogeza kamera, tazama mkono. Mswaki uwe laini. Nauweka nusu juu ya jino, nusu juu ya ufizi, nyuzi zake zimelala kiasi cha digrii 45 kuelekea ufizi. Sisugui kwenda na kurudi kama nafua kola ya shati. Natikisa palepale, kidogokidogo, halafu nafagia kuelekea ncha ya jino. Meno mawili matatu, nasogea. Nje, ndani, juu, chini: dakika 2, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Unatumia msuaki wa mti? Sawa kabisa, tafuna ncha mpaka ilainike, kisha fuata mwendo huohuo.

Damu imetoka? Usipakwepe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakiona damu wanaparuka mahali hapo, bakteria nao wanastarehe. Ugonjwa ukiwa bado kwenye ufizi peke yake, usafi mzuri hupunguza damu ndani ya wiki moja au mbili.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Pitisha uzi wa meno, uzungushe ubavuni mwa jino, ushushe taratibu chini ya ukingo wa ufizi, upandishe. Usiushindilie, utaukata ufizi.

Maji ya chumvi? Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Yanatuliza tu. Na zile amoksisilini za kununua dukani bila kuandikiwa haziondoi jiwe, umetupa hela.

Ukoga mgumu unakwanguliwa na daktari wa meno. Kabla ya hapo atapima kina cha nafasi iliyo kati ya jino na ufizi, kwa kifimbo chenye alama za milimita: 1 hadi 3 ni kawaida, 4 kwenda juu kuna mfuko, huenda mfupa umeanza kuliwa. Utasikia mtaani kwamba kukwangua kunalegeza meno. Si kweli. Mfupa ulikuwa umeshaondoka, lile jiwe lilikuwa linaziba pengo. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi. Tiba ni kuuzuia usiendelee, ndiyo maana nakuhimiza uende mapema.

Wavuta sigara, msijiamini kwa kutoona damu: nikotini hubana mishipa, ugonjwa unaendelea kimyakimya. Mwenye kisukari, fizi mbovu zinapandisha sukari, na sukari ikipanda inaziharibu fizi, kwa hiyo mwambie daktari. Mama mjamzito, homoni huzifanya fizi zivuje damu kirahisi, na kusafishwa meno unaruhusiwa.

Ukiona usaha, jino linacheza, au meno yanaachana, weka miadi wiki hii. Shavu likivimba na homa juu, usisubiri miadi, nenda hospitali leo.