Fundi Anayelala Kituoni

Mwenyekiti, walimu wetu, nanyi vijana mnaomaliza masomo ya ufugaji wa samaki, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie kujitolea. Nimechagua kujitolea ambako wengi wenu mnakukwepa: kwenda kuishi kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga na kuwa fundi wa pale. Kupima samaki na kujaza daftari wapo wa kufanya. Nasemea pampu, mabomba, chujio na jenereta.

Kwa nini fundi alale hapohapo? Sato jike hulea mayai mdomoni. Kituoni tunayatoa mdomoni mwake na kuyaweka kwenye chupa ambamo maji yanaingia kwa chini, yakiyabingirisha polepole mpaka yaanguliwe. Tumemnyang'anya mama kazi yake tukaikabidhi pampu! Umeme ukikatika saa nane usiku, mayai yanatuama, yanalaliana, yanakosa hewa, na yanayokufa yanaota ukungu unaoenea kwa yaliyo hai. Anayelala mjini atayakuta asubuhi yamekuwa meupe, yamekufa.

Mabwawani saa ngumu ni alfajiri. Mchana mwani, yaani vijimea vya kijani vya majini, hutoa oksijeni. Jua likizama, mwani huohuo unaitumia pamoja na samaki, na inapungua usiku kucha. Tena maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Kwa usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hushika takriban miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hayafiki 8. Sisi wa kanda ya ziwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo kwetu ni pungufu zaidi. Wafuga kambale msijipe moyo kwamba wenu anavuta hewa ya juu. Kifaranga aliyeanguliwa juzi hana bado kiungo cha kuvutia hewa hiyo.

Kwa hiyo fundi asafishe chujio kabla ya kulala, maana konokono na viluwiluwi huziba bomba usiku. Jenereta aijaribu ikiwa imebeba pampu zote. Kuiungurumisha dakika mbili bila mzigo hakumwambii kitu.

Marekani kujitolea kwa kuishi kituoni kuna utaratibu wake. Kituo cha D.C. Booth, mjini Spearfish, Dakota Kusini, kilichoanzishwa 1896, hupokea watu wa kujitolea wanaokuja na nyumba zao za magurudumu. Kituo kinawapa pa kuegesha, umeme na maji, nao wanatoa saa zao za kazi. Kila upande unajua unatoa nini na unapata nini.

Kwetu mara nyingi kijana anapewa godoro stoo, anafanya kazi mchana, anaamka usiku, na siku ya mapumziko hana. Hilo linaniuma. Anachoka, na fundi aliyechoka hasikii pampu ikinyamaza.

Wenye vituo mliomo humu, nawaomba muandikiane naye makubaliano: chakula, siku ya kupumzika na mtu wa kumshikia zamu. Chumba kiwe karibu na pampu lakini mbali na moshi wa jenereta, kwani moshi ule ukiingia ndani huua mtu usingizini. Na mpeni ufunguo wa stoo ya vipuri. Akilazimika kumpigia bosi simu saa tisa usiku kuomba fyuzi, vifaranga havitamsubiri.